Mkwaruzo Chini ya Muhuri: Maisha ya Mzee Delmar Ray Burkett, 1942–2024

Mchungaji, majirani wa Bens Run, wanachama wa chama cha wakusanyaji wa bunduki za kale, na nyote mlioacha shughuli zenu Jumatatu hii kuja kutusindikizia mzee wetu, familia inawashukuru na inaomba mkae, maana historia yenyewe si fupi.

Mimi ni Shelby, binti wa Gail, mjukuu wa kwanza wa marehemu. Kazi hii ilikuwa ya mjomba Dwight, mwenye shahada mbili na tai za kutosha, lakini jana alijaribu kuisoma jikoni, akafika kwenye neno "alizaliwa" akaanza kulia, bibi akamwambia, "Dwight mwanangu, kaa unywe kahawa, mpe Shelby, huyo aibu hakuzaliwa nayo." Wanaonong'ona kwamba shule niliikimbia, ni kweli niliikimbia, ila baada ya huyu aliyelala hapa mbele, jicho la pili la kutambua muhuri wa bunduki katika wilaya hii ni langu, na anayebisha tukutane ukumbini baada ya chakula.

Niseme mapema ili msije mkashtuka. Ndani ya historia hii limo jambo ambalo babu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele yenu wote, nalo linamhusu Mzee Wendell Zeigler, ambaye kwa miaka kumi na sita wengi wenu mmemwita mghushi. Bibi alimpigia simu Alhamisi, naye akasema atakuja. Nikifika hapo nitasoma kila neno, sitaruka.

Marehemu Delmar Ray Burkett alizaliwa tarehe 9 Novemba 1942, nyumbani kwao juu ya kilima cha Bens Run, wilaya ya Somerset, jimbo la Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Harvey Burkett, mpasua mbao, na Mama Edith, mwaka ambao theluji ilianguka mapema hata mkunga akaletwa kwa trekta. Alibatizwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo katika kanisa hili, akapata kipaimara humu humu mwaka 1956, na kwa ushahidi wa bibi, amesinzia humu humu kila Jumapili tangu hapo.

Alianza shule ya Bens Run mwaka 1948, akahitimu sekondari mwezi Juni 1960, na cheti chake kimetundikwa juu ya mashine ya kufulia. Akiwa na miaka kumi na mitatu alifeli hesabu, akaona aitie ripoti sahihi ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe, mzee Harvey akaitazama mara moja akasema, "Delmar, mimi kalamu siikandamizi hivi, hii ni sahihi ya mtu mwenye hofu," akamchapa, na babu alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo ndiyo alipata somo lake la kwanza la kutambua alama ya uongo, na ndilo somo pekee alilofaulu mwaka ule.

Tarehe 3 Oktoba 1961 aliingia jeshini, akapelekwa Ujerumani, ambako hakupigana na mtu yeyote ila mpishi mmoja, akawekwa kwenye karakana ya kutengeneza bunduki za askari wenzake. Humo alikuwamo mkaguzi mmoja mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kuishika bunduki iliyokamilika, kuipitisha kidole kwenye mbao, kisha kuweka muhuri wa chuma ubavuni na kuupiga nyundo pigo moja tu, kisanduku chenye herufi ndani yake, basi, bunduki imekubaliwa. Babu alimtazama mzee yule miaka mitatu, akajua muhuri wa kweli unavyozama, unavyoegemea upande kama mkono wa mpigaji umechoka, na unavyoanza kunywa mafuta ya kitani tangu siku ya kwanza. Alitoka jeshini kwa heshima tarehe 2 Oktoba 1964.

Mwezi uliofuata aliajiriwa kwenye kiwanda chetu cha samani, idara ya kumalizia mbao, akafanya kazi hapo mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 27 Juni 2003. Siku ya kwanza ya kazi alikaa chakula cha mchana na kijana wa idara ya vyuma, Wendell Zeigler, fundi wa kuchonga nembo na kalibu, mwenye mkono mwepesi kuliko mtu yeyote wa bonde hili, na kwa miaka thelathini na tisa walikula pamoja, wakawinda pamoja kila siku ya kwanza ya msimu wa paa, wakabishana pamoja kila siku zilizobaki.

Tarehe 18 Juni 1966, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi Verna Lohr, msimamizi wa ndoa akiwa huyohuyo Wendell, ambaye alisahau pete kwenye gari, bibi harusi akasimama hapa mbele dakika kumi. Walijaliwa watoto wawili, Gail aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1968, na Dwight aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1971, na wajukuu wanne, ambao mmoja ana jicho na watatu wana vyeti.

Sasa nije kwenye kile ambacho nusu yenu mmemjulia. Kuanzia mwaka 1974, kila Februari na kila Septemba, marehemu aliweka meza yake kwenye maonyesho ya bunduki za kale katika ukumbi wa zimamoto, bila kuuza hata risasi, ana tochi tu, kioo cha kukuzia na thamosi ya kahawa, na watu wakapanga foleni na bunduki za vita vya baba zao wakitaka kujua muhuri wa ubavuni ni wa kweli au umegongwa juzi kwenye banda la mtu. Mnajua tofauti yake. Mbao yenye muhuri wa kweli ni ileile iliyotoka kiwandani, na mbao ambayo fundi amebadilisha akaichapa mwenyewe ni mbao tu.

Aliwafundisha wote waliotaka kujifunza, na wasiotaka pia. Tochi ilale ubavu, isimulike kwa juu. Mtu aliyekwangua mbao kwa msasa amekula muhuri, na mama aliyetoa mibonyeo kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto ameuvimbisha, ingawa amefanya kwa mapenzi. Juu ya yote, tazama mikwaruzo, kwa sababu muhuri ulikuwepo kwanza, maisha ya bunduki yakaja baadaye, kwa hiyo mkwaruzo wa kweli unaukata muhuri, na ukiona muhuri umekaa juu ya mkwaruzo, jua mtu ameuchapa jana.

Februari 2007, mimi nikiwa na miaka mitano nimekaa chini ya ile meza nakula pipi, alikuja daktari kutoka Pittsburgh, amevaa koti la ngozi, akaweka bunduki yake mezani kama anaweka mtoto mchanga. Babu akamulika, akanusa, akasema, "Daktari, unamwona huyo chini ya meza? Muhuri wako ni mdogo kwake kwa umri." Daktari akasema, "Mzee, nimehakikishiwa na mtu mwenye vitabu." Babu akamjibu, "Basi mrudishie yeye, amwekee kitabuni." Ukumbi wote ukacheka, na daktari, Mungu ambariki, alirudi kila mwaka baada ya hapo, na leo yupo, koti ni lilelile.

Nimelisimulia hilo mjue babu alikuwa mtu gani ukumbini. Alikuwa hakosei. Miaka thelathini na mitatu alikaa kwenye meza ile na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kosa, na jambo hilo, nasema nikiwa nampenda kuliko ninyi nyote, lilimharibu kidogo.

Tarehe 15 Septemba 2007, siku ya Jumamosi, Mzee Wendell alileta ukumbini bunduki yake ya M1, ile ya askari wetu wa vita vya pili vya dunia, aliyoinunua mwaka 1979 kwa mjane mmoja wa Johnstown, akaitaka ishindane kwenye meza ya heshima, meza ya bunduki bora za mwaka, na kwa kuwa sheria ya chama inataka kila bunduki ya meza ile ipitie kwa babu, akaiweka mbele yake na kumtania, "Haya, Delmar, ipekue kama ulivyopekua mfuko wangu wa sandwichi miaka yote." Babu akalaza tochi. Akaona mkwaruzo mrefu, umeanza vidole viwili nyuma ya muhuri, umejikunja mwishoni kama ndoano, na muhuri umekaa juu ya mkwaruzo, mistari yake mizima, haikukatwa hata mmoja. Watu arobaini walikuwa wamesimama hapo. Babu akazima tochi akasema, "Muhuri huu umepigwa juu ya mkwaruzo. Na humu ndani mwenye mkono wa kuchonga chuma cha muhuri kama huu ni mtu mmoja tu."

Mzee Wendell akasema, "Delmar, unanijua." Babu akasema, "Mbao naijua zaidi."

Ninyi mliokuwepo mnakumbuka. Jina lake liliondolewa kwenye chama kabla ya Krismasi, waliowahi kununua bunduki kwake wakamrudishia moja baada ya nyingine, zikaachwa barazani kwake bila hata kubisha hodi, na yeye hakukanyaga tena ukumbi wa zimamoto, hata kwenye kifungua kinywa cha chapati kinachoandaliwa humo Jumapili. Njiani kurudi nyumbani siku ileile bibi alimwambia babu, "Umeitazama mbao vizuri sana, Delmar, lakini hukumtazama Wendell usoni hata mara moja," babu akawasha redio. Mkewe Mzee Wendell, Bi Nadine, alipofariki Mei 2014, bibi aliingia kanisani peke yake, babu akabaki kwenye gari nje, injini inanguruma, ibada nzima, na mafuta yakamwishia.

Tarehe 13 Aprili 2019 nilikwenda naye kwenye maonyesho ya upande wa Ohio, nikiwa na miaka kumi na saba na nimeshaachana na shule, na naomba iandikwe kwamba aliyeiona ni mimi, siyo yeye. Familia moja ilileta M1 ya baba yao, aliyoipokea kutoka serikalini mwaka 1963, akaifunga na kuiweka darini bila kuipiga hata mara moja, karatasi ya kupokelea bado imo kwenye sanduku lake. Nikalaza tochi nikasema, "Babu, njoo, mbona huu mkwaruzo naujua kwa masimulizi yako?" Umeanza vidole viwili nyuma, umejikunja kama ndoano, na muhuri umekaa juu yake, mistari mizima. Babu akaniambia, "Soma namba." Nikasoma. Namba hiyo ya kiwandani ilitofautiana na namba ya bunduki ya Mzee Wendell, ambayo babu alikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo, kwa mia mbili na kumi na mbili tu.

Mnaelewa wenyewe. Kule kiwandani, siku fulani ya vita, palikuwa na kichanja cha kusimamishia bunduki, na kwenye kichanja palikuwa na msumari uliochomoza, ukazikwaruza kadhaa mahali pamoja, kabla hazijafika kwa mkaguzi, naye mkaguzi akapiga muhuri wake juu ya mkwaruzo kama kawaida, akaenda kula. Muhuri wa Mzee Wendell ulikuwa wa kweli. Kanuni ya babu ilikuwa nzuri, ila yeye alisahau kwamba hata kiwandani watu wana misumari.

Aliinunua bunduki ile bila kubishana bei, akakaa kwenye gari, akanipa ufunguo, nikaendesha mimi. Tulikuwa tumeshavuka mpaka wa jimbo ndipo aliposema, "Shelby, Nadine amekufa akijua mumewe anaitwa mghushi, na aliyesema ni mimi." Nikamwambia, "Basi nenda kamwambie Wendell." Akasema, "Nitakwenda," kwa sauti ya mtu anayeahidi kwenda kwa daktari wa meno.

Mara tatu alipita mbele ya geti la Mzee Wendell akaendelea na safari, mara ya nne, mwezi Julai, akabisha hodi, ameibeba ile bunduki mikononi, mimi nikiwa kwenye ngazi. Mzee Wendell hakufungua mlango wa wavu. Babu akasema, "Wendell, nilikosea. Nina ushahidi hapa." Mzee Wendell akasema, "Uliyasema mbele ya watu arobaini, Delmar. Hapa tuko wawili, na Shelby, na mbwa. Kayaseme kule kule." Akarudi ndani, mbwa akabaki anatuangalia.

Sitamtetea, yeye mwenyewe alinikataza. Septemba 2019 alisimama ukumbini, akaomba watu wanyamaze, watu wakanyamaza, akawaambia kwamba paa mwaka huu watakuwa wengi, akakaa. Nilimwambia kwenye gari, "Babu, wewe ni mwoga," akajibu, "Najua, endesha." Mwaka uliofuata korona ikafunga ukumbi, na ulipofunguliwa moyo wake ulikuwa umeshaanza kumgomea.

Tarehe 8 Machi 2022 aligunduliwa kuwa moyo wake umepanuka na haupigi sawasawa, akalazwa mara nne kati ya hapo na Oktoba 2023, akakatazwa chumvi, akawa anaificha kwenye kopo la risasi. Tarehe 11 Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani asitolewe tena, na siku iliyofuata, baada ya kifungua kinywa, akaniita mezani jikoni akasema, "Chukua kalamu, na mwandiko wako uwe wa kusomeka kwa mara moja maishani." Nikaandika, akasoma, akairudisha. "Umeandika 'huenda'. Toa 'huenda'." Nikaandika tena. "Hapa umesema nilighafilika. Nani kaghafilika? Mimi nilisema kwa makusudi, toa." Nikamwambia, "Babu, nakupunguzia aibu." Akasema, "Ni yangu, usiniibie." Mara ya tatu alikubali, akatia sahihi mbele ya bibi na mchungaji, na akaagiza isomwe leo, kwa sababu, alisema, hii ndiyo siku pekee ambayo chama kizima kitakuja na yeye hawezi kusimama akaanza kuzungumzia paa.

Naisoma kama ilivyo. "Mimi, Delmar Ray Burkett, tarehe 15 Septemba 2007, mbele ya watu arobaini, nilisema muhuri wa bunduki ya Wendell Zeigler ni wa uongo, na kwamba yeye ndiye aliyeupiga. Yote mawili si kweli. Muhuri ni wa kiwandani, na Wendell hajaghushi kitu maishani mwake. Nimelijua hili tangu tarehe 13 Aprili 2019, nikanyamaza karibu miaka mitano, kwa sababu nilipenda kuitwa mtu asiyekosea. Mliomrudishia bunduki zake mwendeeni, na safari hii bisheni hodi. Chama kilirudishe jina lake. Wendell, naomba unisamehe. Nadine sikumzika, na kwa hilo sina neno la kujitetea."

Bunduki zote mbili, ya Mzee Wendell aliyomkabidhi bibi Ijumaa, na ile ya Ohio, zimelazwa pamoja ukumbini, kwenye meza ya heshima, kila mtu akazitazame kwa macho yake mwenyewe kabla hajala.

Hali ya marehemu ilibadilika usiku wa tarehe 20 Februari, na asubuhi ya Jumatano tarehe 21 Februari 2024, saa moja na dakika kumi, umauti ulimfika akiwa kitandani kwake, bibi amemshika mkono, mimi nimemshika mguu kwa kuwa mikono yote ilikuwa imechukuliwa. Ameishi miaka themanini na mmoja, ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, hasa muuguzi aliyeligundua kopo la chumvi, mchungaji na wazee wa kanisa, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani mliobaki, kina mama waliooka pai za zabibu kavu ambazo nimeshaonja tatu, kikosi cha zimamoto kwa ukumbi, na wanachama wa chama, ambao leo mna kazi ya kufanya na mmeshaisikia.

Wabebaji wa jeneza ni sita. Nimepewa majina matano, nayo mmeyaona kwenye karatasi, na mshikio wa mbele kushoto hauna jina. Babu hakuthubutu kumwomba aliyemtaka aushike, na bibi amesema mtu asilazimishwe. Mzee Wendell, ukipenda, njoo ushike, usipopenda tutabeba watano na hatutakulaumu, lakini jeneza halitainuliwa mpaka umeamua, kwa sababu bibi amesema tutangoja, na mnamjua bibi, hata ikifika jioni tutangoja.

Babu, lako limeshasemwa mbele ya watu. Pumzika sasa, kwa amani uliyochelewa kuiomba.